Printa Tuliyoinunua kama Ng'ombe

Siku printa ile ilipopata mmiliki mpya pale Dongobesh tulikuwa watu watano. Nawataja wote kwanza, kwa sababu kila mmoja ana kipande chake katika habari hii, na ninyi vijana mnaotaka kuingia kwenye kazi ya kuchapa fulana mjue kwamba mashine haifanyi kazi peke yake.

Nilikuwepo mimi, Bibi Basilisa, niliyechapa fulana na mabango pale Katesh mpaka macho na mgongo vilipokubaliana kunistaafisha. Alikuwepo Restituta, mtoto wa binti yangu wa pili, tunayemwita Resti. Kibanda sasa ni chake. Mimi nakaa kwenye kiti cha mlangoni na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikuwepo Ramadhani mwenye pikapu, mtoto wa marehemu Bi Mwanaisha aliyekuwa akiuza vitenge ukuta kwa ukuta na mimi sokoni, kwa hiyo Ramadhani ananiita mama na mimi namgombeza kama wangu. Hao ni wa Katesh. Wa Dongobesh alikuwa Fausta, binti aliyeajiriwa kuiendesha printa ile tangu ilipoingia dukani. Na wa tano ni Mzee Gidabasu, Mdatoga wa Yaeda Chini, baba wa Samweli aliyekuwa mwenye duka. Samweli mwenyewe hakuwepo. Alipata ajira Mwanza, akamwachia baba yake kazi ya kuuza mashine.

Yuko mmoja ambaye hakuwepo, lakini ndiye aliyetupeleka: Mama Eliza wa Jorodom, kiongozi wa kwaya. Binti yake Yulita alikuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyohiyo. Yulita aliondoka siku matope yaliposhuka kutoka mlimani. Siongezi neno hapo. Wa Katesh wanaelewa, na wasio wa Katesh walisikia. Nyumba ilikwenda na picha zote za ukutani, na simu, na kila kitu. Picha ya Yulita iliyobaki ni moja tu, ya kwaya nzima, aliyokuwa nayo mwenzao kwenye simu. Yulita yuko mstari wa nyuma, amegeuka kidogo, anacheka. Kwaya walipanga kusimika msalaba wa kudumu kaburini kwake, na wote waimbe wamevaa fulana zenye uso wake. Fulana walikuwa wameshanunua, na zilikuwa nyeusi.

Resti alimwuliza, "Mama, hamkuweza kununua nyeupe? Nyeupe ningewachapia kesho asubuhi."

"Nyeupe tutavaa tukimaliza," alisema Mama Eliza. "Msalaba haujasimama bado. Sisi bado ni weusi."

Hapo huwezi kubishana na mtu.

Sasa niwaeleze kwa nini nyeusi ni shida, maana najua wengi wenu mnadhani kuchapa ni kubonyeza. Rangi zote za printa ni kama chai: zinaonekana vizuri kwenye kikombe cheupe. Ukimwaga chai kwenye kitambaa cheusi unaona nini? Unaona maji. Uso wa mtu mweusi kama sisi ukiuchapa juu ya kitambaa cheusi bila kutandika nyeupe chini yake, unazama. Yanabaki meno, nayo kwa shida. Kwa hiyo lazima utangulize weupe, halafu uso ukae juu ya weupe huo.

Enzi zangu kazi hiyo tulifanya kwa skrini, kitambaa cha wavu kilichobanwa kwenye fremu. Aliyenifundisha ni Fundi Idi, Msambaa aliyekuja Katesh na bendera za chama, akaoa hapa, akazikwa hapa. Fundi Idi alikuwa mkali. Nilipochapa nyeupe juu ya nyeusi mara ya kwanza, ikatoka kijivu kama majivu ya jikoni, aliinua ile fulana mbele ya wateja akasema, "Basilisa, hii umechapa au umepangusia mikono?" Akanionyesha: unapitisha rangi mara moja, unaiacha ishike, unapitisha tena palepale bila skrini kusogea hata unywele. Nilijifunza. Maandishi nilichapa mazuri sana, na nembo, na nambari za wachezaji. Sura ya mtu sikuweza. Fundi Idi naye hakuweza. Tulikuwa tukichapa sura ya mgombea, watu wanauliza ni nani huyu.

Kwa hiyo Resti aliponiambia ipo printa ya leza inayotumia tona nyeupe, ule unga wa rangi, inayochapa weupe na rangi pamoja kwenye karatasi, halafu karatasi inagandamizwa kwenye fulana kwa pasi ya mashine na picha inahama, nilimwambia sitaki kusikia, naogopa kutamani. Mpya hatuiwezi. Tukaanza kutafuta iliyotumika.

Mtu wa kwanza tuliyemwendea ni wa mjini, simtaji. Alituonyesha karatasi nyeusi yenye ua jeupe zuri, akasema imetoka sasa hivi. Resti akaomba itoke nyingine mbele ya macho yetu. Yule kaka akaanza kutafuta karatasi, akatafuta, akaenda kutafuta kwa jirani, na sisi tukaenda zetu. Baadaye tuliambiwa ilikuwa printa ya kawaida, mtu ameondoa tona nyeusi akajaza unga mweupe kwa mkono. Inachapa siku mbili halafu inaziba kooni. Kwa hiyo la kwanza, wajukuu zangu: usinunue kilichochapwa jana. Kichapwe ukiwa umesimama hapo.

Ndipo Ramadhani, ambaye anabeba vitunguu kutoka kila upande na anajua habari za kila duka, akasema Dongobesh kuna printa ya tona nyeupe inauzwa, ya kijana wa Kidatoga aliyepata kazi Mwanza. Tukapanda pikapu, tukapitia Basotu na Haydom.

Mzee Gidabasu tulimkuta amekaa kwenye kiti kando ya mashine, shuka begani, fimbo magotini. Alikuwa ametoka Yaeda Chini makusudi. Resti akamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba." Mimi na yeye tukabaki tunaangaliana, kila mmoja anapima mvi za mwenzake.

"Wewe Mmbulu," akaniambia, "unanisalimia au nikusalimie?"

"Nisalimie tu, utapata baraka."

"Baraka za Wambulu zina masharti," akasema, na tukacheka, tukapeana mikono bila kujua nani mkubwa.

Halafu akatueleza jambo ambalo nawaomba mlishike, maana ndilo lililofanya yote. Alisema printa ile si ya Samweli. Samweli alipotaka kuanza duka hakuwa na kitu, na baba alitoa ng'ombe zizini wakaenda mnadani, wakarudi wakiwa mashine. "Kwa hiyo hii ni ng'ombe wangu," akasema. "Haina kwato, lakini ilitoka kwenye zizi langu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Siwezi kumtuma msichana auze ng'ombe wangu."

Fausta aliinamisha kichwa akitabasamu. Ramadhani akauliza, "Mzee, basi nimfungue mdomo nitazame meno?"

"Tazama. Akikung'ata usinidai."

Na kweli tuliikagua kama ng'ombe. Resti alimwomba Fausta aizime kabisa, ipoe, tukanywa chai kwanza. Mashine iliyowashwa tangu asubuhi inaweza kukudanganya, kama ng'ombe aliyenyweshwa maji ajaze tumbo. Uione inavyoamka ikiwa baridi. Ilipoamka tukasikiliza. Resti akaitoa ile karatasi ambayo mashine inajieleza yenyewe, imechapa kurasa ngapi, tona imebaki kiasi gani. Akafungua mlango wa mbele akatoa dramu, zile silinda zinazoweka rangi kwenye karatasi, moja moja, akazitazama kwa pembeni. Dramu yenye mkwaruzo itakuwekea mstari huohuo kwenye kila fulana mpaka ununue nyingine. Akatazama kile kinu cha joto cha nyuma, kama kuna plastiki iliyogandia, maana watu hupitisha karatasi isiyofaa ikayeyukia mle. Palikuwa safi. Fausta ana mikono mizuri, nilimwambia palepale.

Halafu jaribio. Programu inayoiamuru mashine itoe weupe haifanyi kazi hivihivi. Inataka kidude kidogo kichomekwe kwenye kompyuta, chekundu, kama flashi, ila si flashi. Ni ufunguo. Kidude hicho Samweli alikuwa amekifunga kwa uzi imara kwenye waya wa umeme wa printa ili kisipotee, kwa kuwa mafundi wa dukani wanaazimana kila kitu. Fausta akaingiza programu kwenye kompyuta ya Resti, akachomeka kidude, akaweka karatasi nyeusi, akabonyeza. Likatoka jina langu. BASILISA, jeupe kama maziwa ya asubuhi. Nililishika mkononi, nikalipeleka mlangoni nilione kwenye jua.

Bei tulikubaliana, na haiwahusu. Tukazima. Fausta akachomoa kidude kwenye kompyuta akakiacha kining'inie kwenye waya, kama alivyozoea kila jioni. Ramadhani na Resti wakaondoa tona na dramu, wakazifunga kila moja kwa kitambaa kizito zisipigwe na mwanga. Hilo nalo mlijue: ukisafirisha mashine ya tona barabara yetu na tona zikiwa tumboni, utafika na unga umejaa kila mahali na nyeupe imechanganyika na nyekundu. Na isilazwe ubavu kamwe.

Wakati wao wanafunga, Mzee Gidabasu aliinama, akachomoa waya wa umeme nyuma ya mashine, akauzungusha mkononi taratibu kwa mizunguko mikubwa, akaupitisha chini ya shuka begani kwake.

Wote tulimwona. Hakuna aliyeuliza. Ninyi mliokulia mjini labda hamjui: ukiuza ng'ombe, kamba unarudi nayo nyumbani. Mnunuzi aje na kamba yake. Baba yangu alikuwa akitoka mnadani na kamba tupu mkononi, na mama anaipokea na kuitundika palepale zizini, ili heri ya ng'ombe waliobaki isimfuate aliyeuzwa. Kwa hiyo nilipomwona mzee amechukua waya nilifurahi moyoni, nikaona huyu ni mtu wa heshima zake. Resti alinong'ona, "Bibi, anachukua waya," nikamwambia, "Mwache, ni kamba yake. Waya tunao nyumbani." Na ni kweli, waya wa namna ile umejaa kibandani. Hata Fausta, ambaye kidude kile alikishika kila siku, alikuwa anamuaga mzee wake kwa majonzi, akili yake haikuwa kwenye waya.

Tulifika Katesh salama. Asubuhi Resti akarudisha tona na dramu, akachomeka waya wetu, mashine ikaamka vizuri. Akachapa nyekundu, ikatoka. Bluu, ikatoka. Akaamuru nyeupe. Kompyuta ikamwambia ufunguo haupo.

Aliutazama waya nyuma ya mashine. Halafu akasema polepole, "Bibi. Ile kamba."

Fausta tulimpata kwenye simu, akalia kabla hatujamaliza kusema. Samweli tulimpata Mwanza, akasema ufunguo mwingine unaagizwa nje, unaweza kuchukua muda mrefu, na baba yake simu yake haishiki mpaka apande kilimani. Misa ya kusimika msalaba wa Yulita ilikuwa Jumapili iliyofuata. Mama Eliza alikuwa ameshaleta fulana, zimekunjwa kwenye mfuko wa sandarusi juu ya meza yetu, na alipita jioni ile kuuliza kama mashine imefika.

"Imefika," Resti alimwambia.

"Na inaonyesha uso?"

Resti akamweleza ukweli wote, kamba na kidude na Yaeda. Mama Eliza alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkishindwa, chapeni jina tu. Bibi anaweza kuchapa jina, si ndiyo, Bibi?"

"Naweza," nikasema.

"Basi. Jina linatosha." Lakini alisimama mlangoni kidogo. "Ila jina nalikumbuka. Uso ndio unaanza kunikimbia. Nikifumba macho namwona kwa mgongo."

Akaondoka. Resti akampigia Ramadhani.

Safari ya Yaeda Chini sitaieleza sana, kiuno changu bado kinaieleza chenyewe. Unashuka kutoka juu, njia ni mawe na makorongo, na kila korongo Ramadhani anasema, "Mama, shika," na mimi namjibu, "Nishike nini, nimeshashika roho." Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilibeba kikapuni waya mpya kabisa, umefungwa vizuri, niutoe kama badala. Niliamua nianze na habari za baba yangu, nipite kwenye ujirani wa Wairaqw, yaani sisi Wambulu, na Wadatoga, halafu taratibu nifike kwenye kamba. Resti nilimwambia anyamaze, hii ni kazi ya watu wazima.

Tulipofika, kitu cha kwanza tulichoona ni waya. Umetundikwa kwenye nguzo ya lango la zizi, mizunguko yake mikubwa, na kidude chekundu kinaning'inia kwenye uzi kinapigwa na upepo.

Ramadhani alinong'ona, "Yaeda umeme umefika zizini, mjini tunasubiri."

Nilimfinya.

Mzee Gidabasu alitupokea vizuri. Huulizwi umefuata nini kabla hujanywa. Tukaletewa maziwa kwenye kibuyu, mazito, yana harufu ya moshi. Tukaulizana habari za mvua, za majani, za Samweli. Ndipo mzee akanyoosha fimbo kuelekea zizini.

"Unaona ile kamba? Tangu niitundike, yule mweusi amezaa. Ndama jike. Nilikuwa nimekata tamaa na yule mweusi."

Resti aliniangalia. Nilijua anachofikiri. Tulikuja kuomba kamba, na kamba imeanza kufanya kazi.

Nikajikaza. Nikaanza na baba yangu, nikapita kwenye ujirani, nikatoa waya mpya kikapuni nikauweka mbele yake kwa mikono miwili. "Mzee mwenzangu, nimekuletea kamba mpya. Tubadilishane."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mama, na mvi hizo? Kamba mpya inamjua ng'ombe gani? Ile imemshika mwenyewe, ina harufu yake. Hii ina harufu ya duka."

Maneno yote niliyotunga toka Haydom yaliisha hapo, na nilijua angekuwa baba yangu angejibu vilevile.

Resti, niliyemwambia anyamaze, akapiga goti kidogo akasema, "Babu, kamba baki nayo. Mimi sitaki kamba. Nataka kile kidogo kilichofungwa kwenye kamba."

"Kile chekundu? Kina nini?"

"Mashine haitoi nyeupe bila hicho."

"Imekufa?"

"Haijafa, babu. Nyekundu inatoa, bluu inatoa. Nyeupe imejaa tumboni, nimeiona kwa macho. Lakini inaizuia. Haiachii mpaka imwone huyu."

Mzee aliacha kucheka. "Sema tena."

"Haiachii mpaka imwone huyu."

Aliinuka. Nafikiri mnaofuga mmeshaelewa, lakini kwa wasiofuga niseme: ng'ombe wetu hawa wa asili, wenye nundu, si kama wale wa kizungu. Hakamuliki mpaka ndama aletwe, amguse, anyonye kidogo. Ukimficha ndama, mama atasimama na kiwele kimejaa na hutapata tone. Na mtu anayemuuza ng'ombe mwenye maziwa akabaki na ndama wake, huyo watu humtaja mnadani, na si kwa uzuri.

Mzee Gidabasu alisimama mbele ya lango, mgongo kwetu. Alipogeuka alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mbona hamkuniambia Dongobesh? Mmeniacha nitembee na ndama wa watu begani mchana kweupe! Nimeuza mama nikabaki na mtoto, mimi Gidabasu? Na huyu dereva anapita kila kijiji na mdomo wake!"

"Mimi nimefunga mdomo, mzee," Ramadhani akasema haraka.

"Funga vizuri."

Akatoa kisu kiunoni, akakata uzi, akakifuta kidude kwa ncha ya shuka. Upande mmoja mbuzi alikuwa amekitafuna. Hakumpa Resti mkono kwa mkono hivihivi. Alikiweka kwenye kiganja cha Resti, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili, akakishikilia.

"Nani anayasubiri hayo maziwa?" akauliza.

Resti akamweleza habari za Mama Eliza. Mzee akakiachia kiganja cha Resti. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kingine, akakikabidhi kwangu. "Mpelekee huyo mama. Mwambie yule mweusi amezaa." Kamba ilibaki langoni.

Njiani Resti alikishikilia kidude kile kifuani kama anabeba yai. Mimi niliogopa alama za meno ya mbuzi, lakini sikusema, kwa sababu naye alikuwa anaziogopa bila kusema.

Ijumaa asubuhi Mama Eliza alikuja mapema, akakaa kwenye kiti changu cha mlangoni na mimi nikakaa kwenye ndoo. Resti alichomeka kidude. Hakuna kitu. Akakitoa, akasafisha kinywa cha kidude kwa pamba na spiriti, akachomeka tena, akakisukuma kwa kidole gumba. Kitaa kidogo kikawaka. Hakuna aliyeshangilia, tuliogopa kitazimika.

Sasa sikilizeni namna picha inavyohama, maana hapa ndipo wengi huharibu. Picha inachapwa kinyume, kama kwenye kioo. Rangi zinakaa kwanza kwenye karatasi, na nyeupe inakuja juu yake. Nyeusi haichapwi kabisa. Panapotakiwa weusi mashine inapaacha wazi, na fulana yenyewe inakuwa ndiyo weusi. Halafu karatasi ile inagandamizwa kwenye pasi ya mashine pamoja na karatasi ya pili yenye gundi, na hapo unazitenganisha zikiwa zingali moto, polepole, mkono mmoja, bila kusimama katikati. Gundi inashika palipo na tona tu. Resti katika karatasi ya kwanza alisita katikati, na kipande cha paji la uso kikabaki upande usiotakiwa. Mama Eliza alikiona. Resti akaikunja ile karatasi akaiweka chini ya meza bila kuitupa kwenye takataka, akaanza upya. Ya pili aliivuta kama anavyovuta mtu shuka juu ya mtoto aliyelala. Ikatoka nzima. Akailaza kwenye fulana nyeusi, akashusha pasi, akangoja, akaifungua, akabandua.

Yulita alikuwa pale. Amegeuka kidogo, anacheka. Mashavu yake yana rangi yake mwenyewe, ile ya kahawia yenye wekundu kwa chini. Nywele zake na mboni za macho hazikuchapwa. Zilikuwa ni ile fulana yao nyeusi.

Mama Eliza aliinuka, akaja mezani. Hakuuliza kama anaruhusiwa. Aliweka kiganja chake chote juu ya shavu.

"Ana joto," akasema.

Resti akasema kwa upole, "Ni pasi, mama. Itapoa sasa hivi."

"Najua ni pasi. Niache."

Tukamwacha. Ramadhani alitoka nje kukagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo. Mama Eliza alisimama hivyo, kiganja hakisogei, mpaka fulana ilipoanza kupoa, ndipo akakiondoa taratibu na kusema, "Haya, mwanangu. Endelea na za wenzangu."

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Majina ya watu siwezi kuyakosea, lakini umri huu unachanganya vitu vingine. Fausta, kama ukisoma hapa na ulilia baada ya simu na si kabla, sema. Ramadhani atadai maneno mengine aliyasema yeye na nimempa mtu mwingine; huenda ana haki. Na kama Mzee Gidabasu atasomewa haya, na ng'ombe aliyezaa hakuwa mweusi, anitumie salamu na rangi yake halisi, nitarekebisha. Ila msiniandikie kwenye simu. Njooni Katesh mniambie kwa mdomo, kwa sababu herufi ndogo sizioni tena.